Tuta la Kabula

Mpiga saksafoni hastaafu kwa barua. Mimi nilistaafishwa na meno mawili ya mbele. Daktari alinionyesha picha ya meno hayo akasema yamelegea, wala hayatakazika tena. Nilimuuliza kama yangeweza kuhimili wimbo mmoja tu kwa siku. Akaniuliza wimbo wenyewe una urefu gani. Hapo nikajua nimekwisha.

Ninyi mliobaki kwenye bendi mmeniomba niandike tulivyofanya kazi, na hasa habari za ule wimbo mnaoupiga kila Jumapili alasiri, ambao Masanja, mpiga ngoma wetu, huwa mkali kama pilipili mtu akiuharakisha. Nitaandika. Vyeo nitaviruka, maana katika bendi yetu cheo cha juu kabisa kilikuwa ni kukaa karibu na feni.

Nilizaliwa Ukerewe, nikajifunza kupuliza kwenye bendi ya shule ya masista. Tulikuwa tukipiga nyimbo za maandamano kwa kusoma nota, hatua kwa hatua, kila mtu macho kwenye karatasi. Nilipovuka kuja Mwanza, binti wa miaka ishirini na mmoja mwenye saksafoni ya kuazima, nilipelekwa Mkolani kwenye ukumbi ulioezekwa bati nyuma ya karakana ya seremala. Ndani alikuwamo Mzee Idi, kiongozi wa bendi. Wakati huo hakuwa mzee kwa umri, ila alikuwa na namna ya kukutazama iliyomzeesha. Alikuwa mtoto wa mjini, baba yake fundi cherehani, na alipiga gitaa na tarumbeta kwa ufundi uleule.

"Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Konsolata."

"Unaimba, Konsolata?"

"Hapana, mimi napuliza."

Akaichukua karatasi yangu ya nota, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Basi kwanza imba. Kitu usichoweza kukiimba, ukikipuliza kinakuwa kelele za vidole."

Niliimba. Seremala wa jirani aliacha kupiga randa ili asikie vizuri, jambo ambalo halikunisaidia. Nilipomaliza, Mzee Idi akasema, "Sauti ni mbovu, lakini unajua unakokwenda. Kaa pale." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kifaa changu cha kwanza kilikuwa kikongwe kuliko mimi. Vile vifuniko vya matundu yake huwa na pedi ndogo za ngozi. Zikichakaa hewa inavuja na sauti inatoka kama mtu mwenye pumu. Pedi za dukani hazikupatikana, kwa hiyo tulikata ngozi laini ya mbuzi, tukaikwangua kwa kioo hadi ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu, tukaibandika kwa nta. Kitufe kilipovunjika tulikwenda kwa sonara mmoja wa mjini, akakiunga kama anaunga mkufu wa bibi harusi. Kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni, tunachokiita ridi, nilikichonga kwa wembe mpaka mwanga upite. Hali ya hewa ya ziwani haikupendi ukiwa na ridi. Asubuhi yenye ukungu inavimba, mchana inapinda. Wekeni mbili mfukoni, kila moja na tabia yake.

Wakati huo tulipiga jazi ya hotelini. Wageni walikula samaki, sisi tukapiga nyimbo za ng'ambo tulizozitoa kwenye kanda, nota kwa nota, na hata makosa ya wenyewe tuliyaiga kwa heshima. Tulikuwa hodari. Ila tulikuwa kama mtu anayeongea kwa sauti ya jirani yake.

Kilichotugeuza ni kanda moja. Mgeni mmoja aliiacha hotelini, na Mzee Idi akaja nayo mazoezini saa nne asubuhi. Hazikuwa nyimbo za bendi. Ilikuwa bluzi ya zamani, watu weusi wa Marekani wakiimba bila ala yoyote, mmoja anatangulia na wengine wanaitikia, na kati yao kuna kishindo fulani kizito. Mzee Idi alitaka tusikilize kwa sababu, alisema, ile jazi tunayoihangaikia ilitoka tumboni mwa nyimbo hizi.

Tulisikiliza. Masanja, kijana wa Magu, mtoto wa wakulima wa pamba, alikuwa akifunga ngozi ya ngoma. Akaacha. Akasimama akasogelea redio.

"Hawa wanapalilia," alisema.

Mzee Idi akamtazama. "Kiingereza umekijua lini?"

"Sijui wanasema nini. Sikiliza wanavyovuta pumzi. Pale, umesikia? Jembe limeshuka. Na huyu anayetangulia anawapunguzia mwendo, kuna mtu nyuma amechoka." Akageuka kwetu, macho yamemtoka. "Hii ni pamba. Hawa wako kwenye pamba!"

Kwenye kasha la kanda kulikuwa na maandishi madogo. Mzee Idi alivaa miwani akasoma polepole, kisha akaivua. Ilikuwa kweli. Walikuwa wakulima wa pamba.

Sijui niwaelezeje hisia ya asubuhi ile. Bahari yote ile katikati, na miaka yote ile, na kijana wa Magu ametambua uchovu wa mtu kwa pumzi yake tu. Mzee Idi akazima redio. Kisha akasema, "Masanja, kwenu mnaimba nini?"

Masanja akatuimbia wimbo wa Kisukuma ambao vijana waliuimba wakiswaga ng'ombe kwenda kunywa maji. Mimi Mkerewe nilielewa nusu, akanitafsiria: *Tuta la Kabula nani atalipalilia? Njooni tulipalilie.* Ulikuwa na kitu cha ajabu. Kila baada ya mistari miwili mdundo ulichechemea, kana kwamba mguu umekanyaga shimo. Tukaona ni kasoro ya vijana wa ng'ombe. Mzee Idi akaliziba shimo lile kwa tarumbeta, *pa-raa!*, kwa shangwe. Tukaongeza mwendo. Mimi nikapewa sehemu ya kupuliza peke yangu, nikaipamba kwa kila nilichokuwa nacho.

Watu waliupenda kupita kiasi. Jumapili alasiri ukumbi ulijaa, na tulipofika kwenye *pa-raa!* watu wote waliruka. Tuliita wimbo huo "Kabula", na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza Kabula ni nani.

Aliyekuja kutujibu bila kuulizwa ni Nkwimba, shangazi yake Masanja, dada wa baba yake. Alikuwa amekuja Mwanza kutibiwa macho, na Masanja akamleta mazoezini ili ajivunie mtoto wao. Tulimpa kiti mbele. Tukapiga "Kabula" kwa nguvu zetu zote. Tulipomaliza, alikuwa ameinamisha kichwa, kitambaa cha macho kimelowa. Tukadhani ni dawa.

"Mmefurahia nini?" aliuliza.

Mzee Idi akashusha tarumbeta.

"Nauliza. Nyie watu mmefurahia nini?"

Masanja alichuchumaa karibu yake. "Shangazi, ni ule wimbo wa kwetu."

"Naujua. Aliutunga mama yangu. Kabula alikuwa mdogo wangu, nilizaliwa mimi ndipo akaja yeye. Wewe hukuwa umezaliwa, na nyumbani hatumtaji." Akatugeukia, akaongea Kiswahili taratibu ili sote tusikie. "Tulikuwa kikundi cha kulima. Leo shamba la huyu, kesho la yule. Kila mtu na tuta lake, majembe yanashuka pamoja, na mama yangu Minza ndiye mtangulizi wa nyimbo. Kabula akafa katika uzazi. Mtoto alitanguliza miguu. Mtoto alipona, yeye akaenda. Tulipomaliza msiba tukarudi shambani. Mama akatupanga kwenye mstari, na lile tuta la Kabula akaliacha wazi katikati yetu. Akaanza kuimba. Na pale ambapo jembe la Kabula lingeshuka, akanyamaza. Sote tukanyamaza. Tulilipalilia lile tuta mwisho, kwa zamu, tukilia."

Akamnyooshea Mzee Idi kidole. "Na wewe, pale ambapo mtoto wa mama yangu hayupo, unapiga tarumbeta."

Niliona aibu mpaka miguuni. Lakini lazima niwaambie ukweli: Mzee Idi alibisha. Alikuwa mwungwana, ila alikuwa pia kiongozi wa bendi, na alijua ukumbi unavyokufa ukiuachia ukimya.

"Mama yangu, nisamehe sana," alisema. "Lakini kwenye jazi pengo haliachwi hivi hivi. Pengo hujazwa. Ndiyo kazi yetu."

"Basi jazi yenu haijafiwa," alisema Shangazi Nkwimba. Akasimama, Masanja akamshika mkono, wakatoka.

Siku tatu Mzee Idi hakuja mazoezini. Siku ya nne alikuja asubuhi mapema, nikamkuta peke yake, gitaa mapajani. Nilimsalimu, akaitikia bila kuinua macho.

"Nimejaribu kunyamaza pale," alisema. "Pigo moja tu. Konsolata, miaka yote hii nimepiga vitu vigumu. Hiki sikiwezi. Mkono unakwenda wenyewe." Akaweka gitaa chini. "Twendeni tukamwombe yule mama atufundishe."

Tulikwenda Magu bendi nzima, msimu wa palizi. Shangazi Nkwimba, macho yakiwa na nafuu, hakutuuliza tumeleta ala gani. Alitupa majembe. Alitupanga kwenye shamba lake la pamba, wanawake watano wa umri wake wakiwa katikati yetu, na akaacha tuta moja wazi kati yangu na Masanja. Mpiga besi wetu, mtu wa mjini tangu kuzaliwa, alikata miche minne ya pamba kabla hajafika mbali. Akahamishiwa kazi ya kuchota maji, na alishukuru.

Tulilima hadi jua likawa utosini. Viganja vyangu vilitoka malengelenge ambayo yalinizuia kupuliza kwa wiki. Mwanzoni niliusikia wimbo kwa masikio. Baadaye nadhani uliingia kwa mgongo. Jembe linashuka, pumzi inatoka, jembe linashuka, pumzi inatoka, halafu majembe yote yanabaki hewani. Hapo nilisikia kitu ambacho sijawahi kukisikia kwenye ukumbi wowote. Upepo kwenye majani ya pamba. Mapigo ya moyo wangu. Na upande wangu wa kushoto, juu ya tuta lile tupu, palikuwa na mtu. Sisemi niliona kitu. Nasema nilijibana kidogo kulia ili nimpishe, na nilipomtazama Masanja, yeye alikuwa amejibana kushoto.

Mzee Idi aliegemea mpini wa jembe lake. "Allah," alisema taratibu, na hakuongeza neno.

Kuanzia hapo tulianza upya. Mwendo tukaushusha hadi mwendo wa jembe. Tarumbeta tukaitoa kabisa. Mimi nikapewa sauti ya Minza, mama yao, na hapo nilikutana na kazi ngumu kuliko zote nilizofanya. Katika neno "nani" Shangazi aliimba nota ambayo kwenye saksafoni haipo. Nikibonyeza ya chini, anasema, "Huyo analia." Nikibonyeza ya juu, "Huyo anaita mbuzi." Nilichonga ridi tatu nikaziharibu. Mwishowe nililegeza mdomo, nikafungua kitufe kimoja nusu tu, kidole kikining'inia, na sauti ikatoka katikati, si kilio wala si wito. Shangazi akatikisa kichwa kuridhia. "Huyo anauliza," alisema. "Mama alikuwa anauliza." Mnaotaka kuipata nota hiyo, msiitafute kwa vidole. Ulizeni kwanza.

Tuliupeleka wimbo mbele za watu kwa mara ya kwanza Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, alasiri, kwenye siku ya ngoma za vikundi vya wakulima. Tulijua nusu ya Magu wako pale. Ridi yangu ilipinda kwa hofu, au labda kwa jua. Masanja akaanza mdundo. Niliuliza swali la Minza. Tukafika kwenye pengo, tukanyamaza.

Watu elfu wakiwa wamekaa majanini kuna kelele nyingi, watoto, wauza karanga, wazee wanaobishana. Mara ya kwanza pengo lilipita bila wao kujua. Mara ya pili, sauti zikapungua. Kisha akina mama wazee wakaanza kuinuka mmoja mmoja. Hawakuambiwa na mtu. Wakaja mbele yetu wakajipanga mstari, mikono imeshika majembe yasiyokuwepo, na katikati yao wakaacha nafasi ya mtu mmoja. Mara ya tatu uwanja wote ulinyamaza. Nilisikia kamba ya bendera ikigonga mlingoti ng'ambo kule.

Tuliposhuka jukwaani, mwanamke mmoja wa makamo alinishika kiwiko. Alikuwa ameshikilia pochi yake kwa mikono yote miwili.

"Dada, samahani. Huyo Kabula wa kwenye wimbo. Alikufa kwa uzazi?"

"Ndiyo."

"Mimi naitwa Kashinje."

Masanja, aliyekuwa nyuma yangu, aliachia ngoma ikaanguka. Kwa Wasukuma, jina hilo hupewa mtoto aliyezaliwa akitanguliza miguu. Baba yake Kashinje alikuwa amemchukua akiwa mchanga na kuhamia ng'ambo ya ghuba, upande wa Sengerema. Nyumbani kwao wimbo huo ulikatazwa. Alikulia huko bila kuujua.

"Pale mnaponyamaza," alisema, "ndiyo mama?"

Shangazi Nkwimba alifika, akamtazama uso, akamshika mashavu. "Ndiyo," alisema. "Ndiyo hapo, mwanangu." Wakaenda kukaa pembeni, na hatukuwafuata.

Baada ya hapo tulirekodi. Fundi wa studio, kijana hodari na kompyuta yake, alituletea kazi iliyosafishwa. Nikasikiliza, nikatafuta pengo, sikulikuta. Alikuwa ameyakata yote, moja baada ya lingine.

"Kulikuwa na sehemu sauti imekatika, mama," alisema, "nikawasaidia."

Nilikaa naye mchana mzima akiyarudisha, pengo kwa pengo, mimi nikilima hewani kwa mkono ili ajue urefu. Alinivumilia. Alipomaliza na kusikiliza mwanzo hadi mwisho, alivua vile visikilizio vya masikioni akavishika tu mkononi. "Kumbe kuna mtu," alisema.

Wimbo ukapigwa redioni. Na redio, kama mnavyojua, haihitaji ruhusa kuvuka ghuba.

Miezi kadhaa baadaye, asubuhi ya mazoezi, Kashinje aliingia ukumbini Mkolani akiwa amemshika mkono mzee mrefu, mkavu, mwenye fimbo. Alikuwa Mzee Maduhu, baba yake, mume wa Kabula. Tulisimama wote. Mzee Idi alimpokea kwa mikono miwili, akamketisha. Niliogopa. Nilidhani amekuja kutukataza.

"Nimesikia redioni," alisema mzee. "Nilikuwa nachunga. Jirani alikuwa na redio begani. Miaka yote nimeukimbia huo wimbo, na umenikuta porini na ng'ombe wangu." Akatutazama mmoja mmoja. "Mnapiga vizuri. Lakini mmekosea."

"Tuelekeze, baba," alisema Mzee Idi.

"Pigeni kwanza."

Tukapiga. Kashinje alikaa miguuni pa baba yake. Tulipofika kwenye pengo tukanyamaza pigo moja kamili, kama Shangazi alivyotufundisha, kisha tukaendelea. Mzee akainua fimbo. Tukasimama.

"Hapo. Mnamharakisha."

"Shangazi Nkwimba alituambia ni pigo moja," alisema Masanja.

"Nkwimba alikuwa kwenye tuta lake, anaangalia tuta lake. Mimi nilikuwa naangalia la Kabula. Nilikuwa namchumbia, nitaangalia nini kingine?" Tulicheka kidogo, naye akatabasamu kwa mara ya kwanza. "Kabula alikuwa anachelewa. Wenzake wameshashusha majembe, lake bado liko juu. Wakamtania, wakamwita mvivu. Hakuwa mvivu. Alikuwa anaangalia kwanza penye mche, asije akaukata. Ndipo anashusha."

Mzee Idi aliuliza kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo, sauti ya mwanafunzi. "Alichelewa kiasi gani, baba?"

Mzee Maduhu aliweka fimbo sakafuni. Akainua mkono wake wa kulia, akaubakiza juu, macho yake yakitafuta kitu chini ambacho sisi hatukukiona. Masanja akaanza mdundo kwa ncha za vidole. Nasi tukainua mikono kama majembe, tukaishusha pamoja. Mkono wa mzee ukabaki hewani, ukabaki, kisha ukashuka gotini taratibu, bila kuumiza kitu.

"Hivyo," alisema.

Kashinje alikuwa ameinua mkono wake pia, akimfuatisha baba yake.

Tukaanza wimbo tangu mwanzo. Hakuna aliyeangalia chombo chake. Sote tuliutazama mkono wa yule mzee.